Hamu Haina Shibe: Historia ya Neno Lililobeba Majonzi na Mlo

Usiku wa arobaini ya mama yangu, wageni walipokwisha kutawanyika na majamvi yakakunjwa, niliketi peke yangu jikoni nikila visheti kutoka katika kopo la bati. Sikuwa na njaa. Mchana ule nilikula pilau pamoja na watu, nikashushia kwa chai ya tangawizi, nikanawa mikono. Hata hivyo mkono ulikwenda koponi ukarudi mdomoni, ukaenda tena ukarudi, kana kwamba ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Shangazi yangu, aliyeamka kutafuta maji ya kunywa, akanikuta gizani.

"Una njaa, mwanangu?"

"Hapana, shangazi. Nimekula."

"Basi hiyo ni hamu," akasema kwa upole, akijimiminia maji. "Na hamu haina shibe."

Akaenda zake kulala, nami nikabaki na aibu. Nilidhani ameniita mlafi kwa lugha ya heshima, kama wafanyavyo wazee wetu wanapotaka kukukanya bila kukuvunjia uso. Nikafunika kopo. Kesho yake usiku nikalifunua tena.

Miezi iliyofuata nilinenepa. Katika desturi yetu mwenye huzuni hukonda. Husemwa kwamba mawazo yanamla, na ndugu huulizana ana nini. Mimi mawazo yalikuwa yananilisha. Watu walionikuta njiani walinisifu kwamba nimenawiri, na kwa kuwa nimenawiri, hakuna aliyeniuliza nina nini. Nami sikuwa na neno la kuwajibu, mpaka siku nilipokuwa nikisoma utenzi mmoja wa kale nikakuta hamu imekaa mahali ambapo nisingeitarajia: katikati ya kilio. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba shangazi hakunitukana. Alinieleza ugonjwa wangu kwa neno moja, na mimi nililielewa nusu.

Makala haya ni historia ya neno hilo na jamaa zake, na historia ya namna binadamu walivyojaribu kuitibu hamu kwa kuipiga marufuku.

Ukoo wa hamu

Hamu ilitufikia kutoka Kiarabu. Asili yake ni hamm, yaani jambo linaloushughulisha moyo: wasiwasi, huzuni, mzigo wa fikira. Waislamu wanaoisoma dua ya kujikinga na hamm na hazan wanalijua neno hili katika sura yake ya kwanza, na hilo la pili ni la mzizi mmoja na huzuni yetu. Mzizi wa hamm hubeba pia maana ya kukusudia, kwa kuwa kile kinachoushughulisha moyo ndicho mtu anachokiendea. Ndiyo maana ukoo wa neno hili katika Kiswahili ni mpana kuliko tunavyodhani. Muhimu ni ndugu yake: ni lile jambo ambalo moyo haukubali kuliacha. Hima ni ndugu yake pia: ni haraka ya moyo uliokwisha kukusudia.

Wapenzi wa tungo za zamani wamewahi kuiona hamu imeshikana mkono na ghamu, na jozi hiyo haisemi chochote juu ya sahani. Ni jozi ya majonzi. Kamusi za zamani nazo huitaja huzuni miongoni mwa maana za hamu. Leo, mtu akisema mezani kwamba hana hamu, tunafahamu kwamba hataki kula. Maana ya huzuni imefifia, ya matamanio imebaki. Neno limehama kutoka moyoni hadi mdomoni, ila limehama na mizigo yake.

Shangazi yangu alilelewa katika nyumba ambamo tenzi zilighaniwa kwa kukariri, na kwake neno lile lilikuwa bado zima. Aliposema hamu, alisema huzuni na tamaa kwa pumzi moja. Lugha yake haikumlazimisha kuchagua.

Si Waswahili peke yao waliouona ujirani huu. Wajerumani wana neno Kummerspeck, lililoungwa kwa Kummer, yaani majonzi, na Speck, yaani mafuta ya nguruwe. Wanalitumia kutaja unene anaoupata mtu kwa kula wakati wa simanzi. Tofauti ni kwamba neno lao linatazama matokeo yanayoonekana mwilini, wakati letu linatazama mlango ambao jambo hilo liliingilia.

Ramani ya tumbo

Tukiipanga hamu pamoja na majirani zake, tunaona kwamba wazee waliotuachia lugha walichora ramani iliyo makini sana.

Njaa ni neno la kale la Kibantu. Waganda husema enjala, watu wa Malawi wanaosema Kichewa husema njala. Ni neno tulilokuja nalo kabla hatujawa Waswahili. Njaa ni ya mwili. Huja polepole, haichagui chakula, na ikishapewa hutulia.

Uchu si njaa. Ni kutamani kitu maalumu, hasa kitoweo ulichokikosa kwa muda. Mwenye uchu wa samaki hutuliza uchu wake kwa samaki, na mara nyingi vipande viwili vinatosha.

Ulafi ni kupita kipimo. Uroho ni jambo la ndani zaidi, na neno lenyewe linaitazama roho usoni. Tukumbuke kwamba roho katika Kiswahili haikuwa nafsi tu, ilikuwa pia koo. Ndiyo maana hadi leo tunasema mtu amekabwa roho, na mkono uliomkaba ulikuwa shingoni. Koo ndilo njia ya pumzi, njia ya chakula na njia ya kilio. Yeyote aliyewahi kujaribu kumeza tonge huku akizuia machozi anajua kwamba njia hizo ni moja.

Shibe nayo ina hadithi yake. Kushiba kunatokana na Kiarabu shabi'a, wakati Waganda na Wachewa wamelishika neno la Kibantu, kukkuta na kukhuta. Haifuati kwamba watu wa pwani hawakuwahi kushiba kabla ya kukutana na Waarabu. Lugha hukopa hata vitu ilivyo navyo nyumbani. Lakini inafurahisha kuona kwamba katika Kiswahili njaa na shibe zimetoka bara mbili na zikaoana vizuri, hata methali ikawafanya ndugu: njaa mwana malegeza, shibe mwana malevya. Methali hiyo haisifu njaa wala haisifu shibe. Inatuonya kwamba zote mbili hutuondolea akili timamu.

Mwisho kuna kukinai, neno ninalolipenda kuliko yote. Kwa Kiarabu asili yake ni kuridhika na kilichopo. Sisi tulilichukua likiwa na maana hiyo, tukaliongezea nyingine: kuchoshwa na kitu kwa wingi au utamu wake. Mwenye moyo wa kukinai ni mtu aliyeridhika. Halua inayokinaisha ni ile ambayo baada ya vipande vichache mwili wenyewe husema basi. Kwa hiyo neno moja linabeba fadhila ya moyo na taarifa ya ulimi, kana kwamba waliolitumia walijua kuwa anayesikiliza ulimi wake anapokinai hahitaji mtu mwingine wa kumpimia.

Chakula cha wafiwa

Kabla hatujaihukumu hamu, tuitendee haki. Kula ili kupoza moyo si uvumbuzi wa zama hizi, wala si dhambi ya watu dhaifu.

Katika hadithi zilizopokewa kutoka kwa Bi Aisha tunasoma habari za talbina, uji wa shayiri uliopikwa kwa ajili ya wagonjwa na wafiwa, ukasifiwa kwamba huutuliza moyo na kuondoa sehemu ya huzuni. Na Jaafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muuta mwaka 629, Mtume aliagiza watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa limewafika la kuwashughulisha. Matanga yetu ya pwani yanafuata mwongozo huo: mfiwa hapiki, jirani ndiye anayekuja na sufuria.

Angalia basi yaliyomo katika desturi hiyo. Chakula cha msiba kinaletwa na mkono wa mwingine. Kinaliwa hadharani, watu wamezunguka sinia. Kina siku zake, kisha matanga huondolewa. Na kinaliwa pamoja na maneno, kwani waliokaa sinia moja na mfiwa hawakai kimya. Humtaja marehemu, hulia, hucheka kidogo, hulia tena. Chakula ni mbeba ujumbe, na ujumbe wenyewe ni kwamba hauko peke yako.

Visheti vyangu vya usiku vilikuwa chakula kilekile cha msiba, ila kila kitu kilikuwa kimegeuzwa. Hapakuwa na mkono wa mwingine, hapakuwa na macho ya watu, hapakuwa na siku ya mwisho, na hapakuwa na neno. Ujumbe ulipotea njiani, likabaki kopo tupu. Hapo ndipo inapoanza hali ambayo wataalamu wa leo huiita ulaji wa kihisia: mtu anapokula kwa sababu ya upweke, hasira, uchovu au huzuni, si kwa sababu ya njaa, na chakula kikawa ndicho kituo pekee ambacho moyo unakijua.

Kosa la msimamizi wa mazishi

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana dawa iliyoenea duniani kote kwa ajili ya hali hii ilitengenezwa huko. Jina lake mijini kwetu ni daieti.

Neno hili nalo lilianza vizuri. Kwa Kigiriki, diaita ilikuwa namna nzima ya kuishi: kulala, kufanya mazoezi, kula, kupumzika. Ilichukua karne nyingi neno hilo likonde mpaka likabaki na maana ya orodha ya vyakula vilivyokatazwa.

Hatua moja kubwa ya kukonda huko ilitokea London mwaka 1863. William Banting, aliyekuwa msimamizi wa mazishi, alichapisha kijitabu kifupi juu ya unene akieleza jinsi alivyopungua kwa kufuata ushauri wa daktari wake na kuacha mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi. Kijitabu kilisomwa mno. Jina lake likageuzwa kuwa kitenzi katika Kiingereza cha siku zile, na hadi leo Waswidi husema banta wakimaanisha kujinyima chakula ili kupungua. Ni nadra mtu kuingia katika kamusi ya lugha asiyoizungumza, na Banting aliingia kwa kuacha viazi.

Mwaka 1918 daktari mmoja wa Marekani, Lulu Hunt Peters, alitoa kitabu kilichowafundisha watu wa kawaida kuhesabu kalori. Kwa wapenzi wa lugha, jambo la kuzingatia ni kwamba Peters alibadili msamiati kwanza. Aliwaambia wasomaji wake kwamba tangu siku ile wasiseme kipande cha mkate, bali waseme kalori mia za mkate. Mkate ukaacha kuwa mkate ukawa tarakimu. Na tarakimu haina harufu, haina jirani aliyeileta, haina mama aliyeikanda. Mtu anayekula tarakimu hana namna ya kukinai.

Kilichotokea kwa miili iliyowekewa makatazo kilionekana wazi mwishoni mwa vita vya pili vya dunia. Kuanzia Novemba 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwanasayansi Ancel Keys aliwachukua vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, wakajitolea kupunguziwa chakula ili ifahamike namna ya kuwasaidia waliokuwa wakifa njaa Ulaya. Kwa wiki 24 walilishwa takriban nusu ya walichozoea. Walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao, lakini mabadiliko ya akili zao ndiyo yaliyoshangaza. Vijana wale wenye afya na misimamo walianza kuota chakula, kukusanya vitabu vya mapishi, kulamba sahani. Walipata unyonge na hasira. Na walipofunguliwa, baadhi yao walikula kwa wingi kupita kiasi na bado wakasema hawajashiba. Hawakuwa walafi walipoingia. Njaa ya kulazimishwa ndiyo iliyowatengenezea hamu isiyo na mwisho.

Miaka 30 baadaye, mwaka 1975, Peter Herman na Deborah Mack walichapisha jaribio jepesi lenye funzo zito. Waliwapa wanafunzi wa kike maziwa matamu yaliyokorogwa na aiskrimu: wengine hawakupewa, wengine gilasi moja, wengine mbili. Kisha wote wakaambiwa waonje aiskrimu kadiri wapendavyo. Wasiokuwa na mazoea ya kujinyima, waliokwisha kunywa walikula aiskrimu kidogo, kama inavyotarajiwa. Lakini waliokuwa wakijizuia kula katika maisha yao walifanya kinyume: walipokwisha kunywa, walikula zaidi. Walijiona wamekwisha kuvunja sharti, basi hakukuwa tena na sababu ya kusimama.

Kiswahili kina jina la hali hiyo, na sijui jina bora zaidi katika lugha yoyote: liwalo na liwe. Sikiliza neno lenyewe. Maana yake ni kwamba litakalokuwa na liwe, lakini sikioni limo pia la kuliwa. Aliyejiwekea katazo la mwaka mzima akala andazi moja asubuhi, husema liwalo na liwe, na kufikia jioni limekwisha kuliwa kweli. Maji ameyavulia nguo, ataoga.

Mwaka 2007 Traci Mann na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walizipitia tafiti 31 za muda mrefu wakaona kwamba kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya waliofuata daieti walirudisha uzito mkubwa kuliko ule walioupoteza. Kwa hiyo mtu anayeshindwa na daieti asijilaumu mno. Alipewa dawa ya njaa ilhali ugonjwa wake ulikuwa hamu, na dawa yenyewe huzaa njaa.

Mtoto anapolia

Aliyeligusa jambo hili karibu zaidi na lugha yetu alikuwa Hilde Bruch, daktari aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1904 na kukimbilia ughaibuni utawala wa Hitler ulipoanza. Baada ya miaka mingi ya kuwatibu watoto na vijana huko Marekani, alitoa kitabu chake kikuu mwaka 1973. Hoja yake ni kwamba binadamu hazaliwi akijua njaa ni nini; hufundishwa. Mtoto analia kwa baridi, kwa usingizi, kwa hofu, kwa njaa. Mlezi akitofautisha vilio hivyo na kukijibu kila kimoja kwa jibu lake, mtoto hujifunza kuitambua njaa yake. Mlezi akijibu kila kilio kwa chakula, mtoto hukua bila kujua tofauti kati ya tumbo tupu na moyo mtupu.

Niliposoma hoja hiyo nilimkumbuka shangazi na maji yake. Swali lake la kwanza halikuwa kwa nini unakula. Lilikuwa: una njaa? Aliutofautisha ule usiku kwa niaba yangu, kama mlezi anayetofautisha vilio.

Na mababu zetu hawakuwa na chakula peke yake cha kumtulizia mtoto. Walikuwa na bembelezi. Walikuwa na kutumbuiza, yaani kumtuliza mtu kwa wimbo, kitenzi kilichotuzalia utumbuizo katika ushairi wetu. Sauti ya tumbo inasikika ndani ya kutumbuiza, ingawa sidai kwamba maneno hayo ni ndugu. Ninachodai ni kwamba utamaduni wetu uliweka nyenzo mbili kando ya kitanda cha mtoto, uji na wimbo, na hekima ilikuwa ni kujua wakati wa kila kimoja. Wimbo umenyamaza katika nyumba nyingi. Uji umebadilika ukawa biskuti.

Mazoea bila katazo

Mwaka 1995 wataalamu wawili wa lishe wa Marekani, Evelyn Tribole na Elyse Resch, walitoa kitabu kinachowahimiza watu kuachana na daieti na kujifunza upya kuisikiliza njaa na shibe zao. Mengi ya wanayoyasema, msomaji wa Kiswahili atayaona kama wageni waliorudi nyumbani. Niruhusu niyaeleze kwa msamiati wetu, kama nilivyojaribu kuyaishi mwenyewe.

La kwanza ni kuuliza swali la shangazi. Kabla ya kufungua kopo, taja kilichopo: ni njaa, ni uchu au ni hamu? Njaa ipe chakula kamili. Uchu upe kile unachokitaka, ukae, ukionje. Hamu iulize jina lake. Wapenzi wa ushairi mnakumbuka jinsi Fumo Liyongo alivyopelekewa gerezani mkate wa pumba wenye tupa ndani. Walinzi walikula vilivyo vitamu, wakauacha ule mkate mbaya, na tupa ikamfikia mwenyewe. Laiti wangeumega. Nami nimejifunza kuumega mkate wangu nitazame ndani yake mmefichwa nini: barua isiyojibiwa, ugomvi wa mchana, kaburi la mama.

La pili ni kula kwa wakati. Anayeruka chakula cha asubuhi na mchana kwa nia ya kujirekebisha huifikisha njaa yake jioni ikiwa mwana malegeza, na mtu aliyelegea hana nguvu ya kumuuliza yeyote swali. Tumbo lililozoea kwamba mlo utakuja halina haja ya kupora.

La tatu ni kuondoa marufuku. Nilipoacha kuviita visheti adui, vilirudi kuwa visheti. Nilianza kuviweka katika sahani, mchana, mezani, nikavila na chai. Nilishangaa kugundua kwamba vinakinaisha. Kwa miezi mingi nilikuwa nimevila gizani kwa haraka kiasi cha kutowahi kufika mahali pa kukinai.

La nne ni kurudi kwenye sinia pale inapowezekana. Kula na watu kuna kipimo chake: tonge hungoja mazungumzo, mkono hauvuki mbele ya mwenzio, na mtu akiacha kula huulizwa. Sinia halitibu kila kitu, lakini ni vigumu kuificha hamu mbele ya watu wanaokupenda.

La tano ni kuipa hamu chakula chake. Hamu ya zamani, ile pacha wa ghamu, haikuwahi kula wali, ilikula maneno. Niliandika beti kwa ajili ya mama, mbaya nyingi, nikampigia simu dada yangu usiku badala ya kwenda jikoni. Si kila usiku nilifaulu. Usiku nilioshindwa sikusema liwalo na liwe. Nilifunika kopo nikalala, na asubuhi nikanywa chai kama kawaida.

Hapa lazima niweke mpaka. Makatazo ya daktari kwa mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au figo si daieti ya Banting. Ni tiba, na yafuatwe. Na mtu anayejikuta mara kwa mara akila kwa siri mpaka anashindwa kujizuia, au anayejitapisha baada ya kula, au anayejinyima hadi anadhoofika, asitegemee makala ya mpenda maneno. Aende hospitalini, aonane na daktari au mshauri nasaha, na aende bila aibu kama angekwenda kwa malaria.

Neno zima

Shangazi bado yu hai, na amekula chumvi nyingi. Mwaka huu nilipomtembelea nilimwambia kwamba sasa nimelielewa neno lake. Akacheka. Akaniambia kwamba usiku ule naye hakuamka kwa kiu. Mama yangu alikuwa wifi yake wa miaka mingi, na yeye pia alikuwa akitafuta kitu asichoweza kukipata jikoni. Aliponikuta pale, akaamua kuchukua maji.

"Kwa nini hukukaa nami, shangazi?"

"Ningekaa, tungevimaliza visheti vyote," akasema. "Kaa sasa."

Nikakaa. Akaleta chai na mkate wa kumimina, tukala polepole, tukamtaja mama kwa jina lake mpaka adhuhuri. Ilikuwa njaa, na ilikuwa hamu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba zote mbili zililishwa kila moja kwa chakula chake.

Ndiyo sababu ninawaomba wapenzi wa lugha msiyaache maneno ya zamani yapoteze nusu ya maana zake. Waulizeni wazee wa nyumbani wanasemaje mtu akila bila njaa, huko Lamu, Unguja, Tanga, Kilwa au Bukavu. Huenda neno wanalolitumia likawa ndilo jibu ambalo mtu mmoja, jikoni, gizani, analingoja.